Baridi ya Usukuma huja ghala likiwa limejaa

Mtu wa Makete akisikia Shinyanga kuna baridi atacheka. Kwao Juni umande huganda juu ya majani, na viazi mviringo shambani huungua kwa barafu. Shinyanga mchana wa Juni jua linawaka mpaka nyuzi joto 29 au 30, na fundi baiskeli hajavua kofia yake ya pama. Ngoja usiku. Nyuzi zinashuka hadi 15 hivi, na juu yake kuna upepo. Mkoa huu uko zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, sehemu kubwa ni tambarare, miti ya kukinga ni michache, na tangu mwisho wa Mei upepo mkavu wa kusini-mashariki unajipitia tu kama mwenye nyumba. Saa kumi na mbili asubuhi, barabara ya kwenda Kishapu, watoto wa shule wamefungwa kitenge cha mama shingoni. Bodaboda wamevaa makoti ya mvua na mvua yenyewe imeshakatika. Wazee wamejitanda mablanketi, wanaota moto wa mabua, na ukiwasalimia "mwangaluka" wanaitikia bila kutoa mikono.

Kuna namna ya kuzungumzia baridi tuliyoizoea kutokana na filamu na vitabu vya Ulaya. Theluji imeziba mlango, ghala linapungua, familia imejifungia ndani, na mchuzi mzito unachemka ili watu wavuke mpaka majira mema yarudi. Wengi tunaiga hata maneno yao, tukisema "vyakula vya kupambana na baridi". Usukuma hakuna pambano. Baridi ya huku inaingia wakati mpunga umeshatoka kwenye majaruba, mtama na uwele vimepurwa, karanga zimeng'olewa, choroko ziko kwenye magunia na pamba inasubiri kupimwa kwenye mzani wa chama cha msingi. Jembe limeegemezwa ukutani. Miezi ya kuogopwa ni Desemba na Januari, miezi ya joto na mvua, ambapo kihenge kinakwanguliwa chini na palizi inadai nguvu ya mtu aliyeshiba. Juni na Julai ndiyo miezi ambayo familia ina vitu viwili ambavyo havikutani mara nyingi: chakula na nafasi.

Upepo huo huo unaowatetemesha watoto asubuhi ndio unaotengeneza chakula chao cha mwakani.

Anza na kiazi kitamu. Kikishachimbwa hakikai. Wiki moja au mbili kinasinyaa, kinaota au kinaoza. Ukikiacha ardhini nako hakuna amani, kwa sababu udongo wa kiangazi unapasuka, na fukusi wa viazi, mdudu asiyeweza kuchimba mwenyewe, anateremkia kwenye nyufa hizo mpaka kwenye kiazi. Mkulima anayechelewa mpaka Agosti anachimba viazi vyenye vishimo vyeusi na ladha chungu ambayo hata nguruwe anaikataa. Kwa hiyo viazi vinatoka karibu vyote kwa mpigo, rundo hadi rundo, na nyumba nzima inakaa chini kuvikata.

Hapo ndipo inapotoka michembe. Kiazi kinamenywa kikiwa kibichi, kinakatwa vipande vyembamba, kinaanikwa. Kijiji chenye bahati ya majabali, na Usukuma ina majabali ya kutosha, kinaanika juu ya mawe yenyewe. Jiwe linashika joto la mchana, maji ya mvua hayapo, na upepo unapita juu na pembeni. Penye mbuga nyeusi isiyo na jiwe wanatandika mikeka, maturubai au mabati yaliyobaki kwenye ujenzi. Kiazi kibichi karibu sehemu saba kati ya kumi ni maji, ndiyo maana debe zima linageuka kilima kidogo tu ndani ya siku tatu nne. Michembe iliyokauka sawasawa inavunjika kwa sauti. Ikipinda bila kuvunjika, irudishwe juani, la sivyo kuvu wataila ghalani kabla yako.

Ndugu yake ni matobolwa. Hivi vinachemshwa kwanza, ndipo vinamenywa, vinakatwa na kuanikwa. Vinatoka rangi ya asali iliyoiva, vigumu kidogo, vitamu, vya kutafuna bila kupikwa tena. Michembe ni chakula cha mezani. Matobolwa ni chakula cha mfukoni. Watoto wa Usukuma wameyatafuna njiani kwenda shule tangu shule zilipoanza, na sijaona pipi yoyote ya dukani iliyoweza kuyatoa kabisa kwenye mifuko ya kaptula.

Nani anakata? Kila mwenye mkono. Bibi ana kisu chake ambacho hakiguswi. Mama na mashangazi wanakaa kwenye vigoda, miguu wameinyoosha, rundo katikati. Watoto wakubwa wanamenya. Wadogo wanapeleka mabeseni jabalini na kupanga vipande kimoja kimoja, kisha wanapewa kazi wanayoipenda zaidi, kulinda. Kulinda maana yake kufukuza kuku na mbuzi, na katikati ya kufukuza kuna rede, kombolela, kuruka kamba, kuteleza kwenye jiwe mpaka kaptula itoboke. Mbuzi akipita bila kuonekana, kelele za bibi zinasikika kijiji cha pili. Ukimuuliza mtu mzima aliyekulia Maswa, Kwimba au Kishapu kuhusu likizo ya Juni, mara nyingi hakuanzii popote isipokuwa hapo jabalini.

Kuna jambo dogo la kitaalamu ambalo bibi wengi hawakuambiwa. Viazi lishe, vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa vinavyohimizwa kwa ajili ya vitamini A, vinapoteza sehemu ya vitamini hiyo vikiachwa kwenye jua kali muda mrefu. Vinafaa kukaushwa upesi, vipande vyembamba, kivulini penye upepo au chini ya kitambaa. Kiazi cheupe cha zamani hakina wasiwasi huo.

Sasa kupika. Michembe inaoshwa vizuri (imelala jabalini, si hotelini), inalowekwa kidogo, inabandikwa kwenye maji yasiyo mengi na kufunikwa. Moto wa wastani. Inapoanza kulainika, mwenye karanga anamwaga karanga zilizotwangwa, anakoroga mara moja, anaacha ichemke polepole mpaka karanga zitoe mafuta na mchuzi ushike. Wengine hawatii kitu, wanakula na maziwa ya mgando. Mimi niko upande wa karanga, na nimeshabishana na watu wa maziwa kwa miaka bila upande wowote kushinda. Asubuhi ya Julai, bakuli la michembe ya karanga na kikombe cha chai ya rangi yenye tangawizi vinamtosha mtu mpaka saa nane mchana.

Mboga nayo imepitia juani. Majani ya kunde, na mahali pengine mgagani, yanachumwa mvua zikiwa bado zipo, yanachemshwa kidogo, yanaanikwa mpaka yawe meusi na makavu. Hiyo ndiyo nsansa. Mgeni akiiona mara ya kwanza kwenye ungo sokoni anadhani ni majani ya chai yaliyoharibika. Inalowekwa, inachemshwa mpaka ilainike, kisha kitunguu, nyanya, na karanga za kusaga tena, maana katika miezi hii karanga zinaingia kila chungu. Inatoa harufu nzito ya moshi na udongo ambayo mboga mbichi haina. Pembeni kuna mlenda, uliokaushwa na kusagwa au mbichi kama bado upo bustanini, wenye kijiko cha samli kwa nyumba yenye ng'ombe. Samli ya Juni ina heshima yake, kwani malisho yanaanza kukauka na maziwa yanapungua wiki kwa wiki.

Ugali ni habari nyingine. Watu wa mjini wamekubali sembe nyeupe kana kwamba ndiyo ugali pekee duniani. Nyumba nyingi za vijijini bado zinachanganya: mtama na muhogo, uwele na mahindi, au udaga, ule muhogo uliovundikwa ukakaushwa, kwa ajili ya mvutano. Ugali wa mtama ni mweusi kidogo, mzito, unakaa tumboni. Muhogo wenyewe ulisukumwa sana na watawala wa kikoloni, waliolazimisha kila kaya kuwa na shamba la akiba ya njaa, na pamoja na ubabe wao huo zao limebaki. Siku ya mgeni, au mjukuu akifika kutoka Mwanza, ugali unapisha wali. Shinyanga na Kahama ni nchi ya mpunga, na mchele mpya wa Juni una harufu inayotoka nje ya nyumba kabla chungu hakijafunuliwa. Kuku wa kienyeji anajua siku hiyo ikifika. Ndiyo maana anakimbia mapema.

Asubuhi wanaanza na uji. Uji wa uwele au mtama, uliotiwa ukwaju badala ya limau. Mikwaju imesimama kila mahali kwenye nyika ya Shinyanga na matunda yake hukomaa kiangazi, hivyo uchachu huo ni wa bure. Mtoto anayeamka na mafua anapewa ukiwa moto sana, na anaambiwa anywe wote.

Chakula hiki chote kinahitaji moto, na moto wa Shinyanga una historia yake ngumu. Wakati wa ukoloni mkoa huu ulikuwa kituo kikubwa cha utafiti wa mbung'o, na njia mojawapo ya kumfukuza mbung'o ilikuwa kufyeka vichaka anamoishi. Vikafyekwa. Pamba ikaja, mifugo ikaongezeka, na kufikia miaka ya 1980 akina mama walikuwa wanapikia mabua, samadi kavu na vijiti vya pamba kwa sababu kuni zilikuwa safari ya nusu siku. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ambao badala ya kuleta miti ya kigeni peke yake ulirudi kwenye ngitili, utaratibu wa Wasukuma wa kutenga eneo la malisho lisiguswe mpaka kiangazi kikikolea. Mpaka mradi unafungwa mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudishwa kuwa ngitili, na mwaka 2002 ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Kwa mpishi, maana ya takwimu hizo ni kuni za kuokota karibu na nyumbani, uyoga, ukwaju, na ng'ombe ambaye bado ana tone la maziwa mwezi Julai.

Vijiti vya pamba bado vinatumika. Baada ya mavuno vinatakiwa kung'olewa na kuchomwa ili wadudu wasivuke kwenda msimu ujao, na mama mwenye akili anahakikisha vinachomwa chini ya sufuria. Vinawaka haraka na kwa hasira. Vinafaa kwa chai, havifai kwa maharage.

Moto wa jioni si wa jikoni peke yake. Katika boma la Kisukuma la zamani palikuwa na shikome, moto wa nje karibu na zizi, ambapo wanaume na vijana waliota, walikula, na wazee walitoa mafunzo. Mashauri ya ndoa, mahari, mipaka ya shamba na tabia ya ng'ombe yalisemwa hapo. Akina mama na watoto wadogo walikuwa na moto wao jikoni. Sitasikitika sana kwamba mpaka huo umelegea. Katika nyumba nyingi leo baba anakula sinia moja na binti zake, na hakuna aliyepungukiwa. Kilichobaki ni kwamba baridi inawakusanya watu mahali pamoja saa moja ya jioni, na watu waliokusanyika lazima waseme kitu.

Vinaanza vitendawili. Mmoja anaita "Kalagu!", wengine wanaitikia "Kize!", na mchezo umeanza. Kisha hadithi, na hadithi ambayo mtoto wa Usukuma hawezi kuikwepa ni ya zimwi Shing'weng'we. Zimwi lilimeza watu wote wa nchi, na ng'ombe wao, na mbuzi wao. Akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha ndani ya rundo la makapi. Makapi yenyewe yako pale nje uwanjani, wamepura mtama juzi, na mtoto anayesikiliza anageuka kuyatazama. Mwanamke anajifungua mtoto wa kiume, Masala Kulangwa, mwepesi wa kushika mambo. Anakua, anauliza baba yuko wapi. Anaambiwa amemezwa. Anachukua upinde. Anaua panzi, anamletea mama: ndiye huyu? Watoto wote kwenye moto wanapiga kelele: siye! Anaua ndege. Siye! Anaua swala. Siye! Kila bibi ana orodha yake ya wanyama, na bibi mwenye nafasi anaweza kuirefusha mpaka mtoto wa mwisho asinzie. Mwishowe anaua zimwi lenyewe, analipasua, anatoka baba yake, wanatoka watu wote na mifugo yao.

Ninachokipenda zaidi ni kipande ambacho wasimuliaji wa mjini hukikata. Kisu cha Masala kilipokuwa kinapasua kilimkata sikio bikizee mmoja aliyekuwa ndani. Watu wanashangilia kuokolewa, yeye anadai sikio lake, na anapanga kumroga aliyemwokoa. Hapo watoto huanza kubishana: ana haki au hana? Watu wazima nao huingia. Nimeona mjadala huo ukichukua muda mrefu kuliko hadithi yenyewe.

Wasiopenda hadithi wana bao, isolo kwa Kisukuma, la kuchonga au la kuchimba vishimo ardhini na kutumia mbegu. Na wenye miguu wana ngoma. Msimu wa ngoma Usukuma ni huu wa baada ya mavuno, na ushindani wake mkubwa ni kati ya vyama viwili vya tangu karne ya 19, Bagika na Bagalu, ambavyo kila upande una dawa zake, vituko vyake na mashabiki wasiosikia la mtu. Bujora, karibu na Kisesa mkoani Mwanza, sherehe za Bulabo hufanyika Juni baada ya Sikukuu ya Ekaristi. Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyeanzisha pale makumbusho ya Wasukuma, aliunganisha sikukuu ya kanisa na mashindano ya ngoma, na tangu hapo familia zinafunga safari na vikapu vya chakula kwenda kuangalia wacheza nyoka na wacheza majembe wa bugobogobo. Ukifika na mtoto, mbebe mabegani, maana watu wazima wa Bagalu hawasogei kumpisha mtu.

Ukivuka kuelekea Geita kalenda inabadilika.

Dhahabu ya Geita ilitambuliwa na Wajerumani mwaka 1898. Mgodi mkubwa wa sasa, Geita Gold Mine, ulianza uzalishaji mwaka 2000, na Bulyanhulu, upande wa Kahama, mwaka 2001. Kuizunguka migodi hiyo kuna Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu na maduara mengine ya wachimbaji wadogo yasiyohesabika, ambako inapotokea rashi ya dhahabu watu wanahamia usiku mmoja. Jiwe halina msimu. Halingoji mvua, halipumziki Juni. Migodi mikubwa inakwenda kwa zamu ya mchana na ya usiku, karasha za wachimbaji wadogo zinapiga kelele wakati wowote kuna umeme au dizeli, na baba anaweza kuwa chini ya ardhi saa ileile ambayo mwenzake wa Kishapu anapasha mikono kwenye moto. Ile nafasi niliyoitaja mwanzoni, ya chakula na muda kukutana mezani, Geita haiji yenyewe na majira. Inabidi itafutwe.

Baridi ya Geita nayo ni tofauti. Kuna vilima, kuna ziwa karibu, kuna unyevu. Mchimbaji anayetoka kwenye duara refu anatoka amelowa jasho, maana chini ni joto na hewa nzito, na juu anapokewa na upepo wa saa kumi alfajiri. Ndiyo maana jiko la kwanza kuwashwa penye mgodi ni la mama ntilie. Supu ya makongoro imelala motoni usiku kucha mpaka kano zimekuwa laini na mchuzi unanata midomoni.

"Mayu, ya buku mbili, pilipili usinionee huruma."

"Kaa basi mwanangu, chapati inatoka."

Wanakaa kwenye mbao zilizobaki za matimba, kofia zenye tochi bado ziko vichwani, bakuli limeshikwa kwa mikono miwili. Kuna Msukuma, Muha, Mkurya, Mhaya, kila mmoja na ugali wa kwao akilini. Mchana kuna dagaa wa ziwani na sato kutoka Nkome au Chato. Samaki wa huku ni wa jana, si wa wiki iliyopita kama Shinyanga. Mtu akikuambia supu hiyo si chakula cha familia nitakubaliana naye nusu. Kundi linaloshuka shimo moja na kutegemeana kamba limeshakuwa na udugu wa aina yake, na mama anayewajua kwa majina anajua pia nani hajala tangu jana kwa sababu mawe yake hayajatoa kitu.

Katika vijiji hivi kuna jambo ambalo makala ya mapishi hayawezi kulipita. Mchimbaji mdogo hukamata dhahabu kwa zebaki. Anapata donge, kisha analichoma juu ya mkaa ili zebaki iondoke kwa mvuke, na dhahabu ibaki. Mara nyingi jiko linalotumika ni la nyumbani, lile lile la chai. Miezi ya baridi madirisha yamefungwa, watoto wamesogea karibu kupata joto. Mvuke wa zebaki hauna harufu, na unaharibu ubongo na figo, wa mtoto kabla ya wa mtu mzima. Rwamgasa ilikuwa kituo cha utafiti cha mradi wa zebaki wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda miaka ya 2000, mradi uliofundisha matumizi ya kifaa cha kufungia mvuke huo ili zebaki irudi kuwa maji. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Kwa mama wa nyumbani kanuni ni fupi: jiko lililochoma dhahabu lisirudi jikoni, na donge lisichomwe ndani hata kama nje kunaganda.

Na hata bila zebaki, jiko la mkaa lisiingie chumba cha kulala. Kila msimu wa baridi nchi hii inasoma habari ya watu waliokutwa wamekufa usingizini, jiko limezimika katikati ya chumba. Gesi ya kaboni monoksaidi inashikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu hasikii kukabwa, anasikia usingizi tu. Ota moto nje au jikoni penye dirisha, kisha ingia ndani na blanketi la pili.

Familia nyingi za Geita zina mguu mmoja Shinyanga, Simiyu au Kwimba, na kinachoziunganisha ni gunia. Kwa miaka mingi gunia hilo lilikuja na basi hadi Kigongo, ukingoni mwa ziwa, likasubiri kivuko pamoja na abiria, na kusubiri kivuko usiku wa Julai, upepo wa ziwa ukiingia kila tundu la koti, ni elimu niliyoipata mara za kutosha. Wauza mahindi ya kuchoma na kahawa waliishi kwa baridi hiyo. Juni 19, 2025 lilizinduliwa Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya maji, na sasa basi linapita bila hata kupunguza gumzo la abiria. Gunia la michembe lililotoka Shinyanga asubuhi linaweza kupikwa Geita jioni ile ile.

Juni shule zikifungwa, msafara unakwenda kinyume. Watoto wa Geita wanapandishwa basi na begi moja, wanapelekwa kwa bibi. Huko wanakuta hakuna intaneti ya kueleweka, kuna rundo la viazi. Wiki ya kwanza wanalalamika. Ya pili wameshajua mbuzi yupi ni mwizi. Wanarudi Julai shule zikifunguliwa, wamekauka ngozi, wanaongea Kisukuma kilichochanganyika na Kiswahili cha mtaani, wameleta michembe ya mama, nsansa imefungwa kwenye khanga, na matobolwa yao wenyewe, waliyoyaanika kwa mikono yao na wasiyotaka mtu ayaguse. Mama hupima michembe kwa kikombe ili ifike Desemba. Matobolwa hayapimwi. Baba akirudi zamu ya usiku anachukua mawili matatu, mdogo wao anachukua ya kugawia darasani, majirani wanaonja, na Agosti haijaisha gunia limeshakunjwa.